Mapumziko kando ya Ziwa Kivu: yalitoka wapi, na ni ya nani?



Kila mwaka kiangazi kikifika, mvua inapokatika juu ya milima ya Kivu, masomo hufungwa na seminari zetu hubaki kimya. Wanaseminari hurudi kwao, na watoto wa mijini hushangilia kwamba konje imefika. Ndipo swali moja hurudi pia, nami nimelisikia mara nyingi: Je, kwenda kupumzika kando ya ziwa, kupanda mashua bila kazi, kupanda mlima bila kutafuta kuni, si mambo ya Wazungu? Mkristo mwenye njaa ana haki ya kupumzika?

Swali hili si la mchezo. Wengine hulijibu upesi kwa kusema: mapumziko ni anasa, tuwaachie matajiri. Wengine hujibu upesi vilevile kwamba mambo ya zamani yamepita, kila mtu apumzike kadiri ya mfuko wake. Majibu haya mawili hayatoshi, kwa kuwa yote mawili hayajui historia. Basi, kabla ya kujibu, tutazame kwanza namna Ziwa Kivu lilivyogeuzwa kuwa mahali pa mapumziko, nani aliyepumzika, na nani aliyefanya kazi ili yule apumzike.

I. Ziwa mbele ya kufika Wazungu

Tusidhani kwamba wazee wetu hawakujua kupumzika mpaka walipofundishwa. Ziwa Kivu, lililo juu kadiri ya metre 1,460 kupita bahari, lilikuwa barabara na soko lao. Bahavu wa kisiwa cha Idjwi, Bashi wa upande wa kusini na magharibi, Bahunde wa kaskazini, Batembo wa msituni, na watu wa Rwanda ng'ambo ya pili, wote walikutana kwa njia ya maji haya. Walibadilishana mbuzi, majembe, vyakula, na zile bangili za nyuzi zinazoitwa butega, ambazo zilishika nafasi ya falanga katika biashara ya ziwa.

Lakini mwaka wao haukuwa kazi tupu. Ulikuwa na nyakati zake. Huko Idjwi palikuwa na Muganuro, ibada ya malimbuko iliyowakusanya watu pamoja na mwami wao. Kwa Bashi palikuwa na Mubande, ibada ya mbegu kabla ya kupanda. Na mavuno yakiisha watu walipata nafasi ya kutembeleana, kuposa, kunywa kasiksi pamoja, na kumaliza magomvi ya mwaka. Mapumziko hayo hayakuwa ya mtu peke yake. Yalikuwa ya ukoo na ya nchi nzima. Aliyelima ndiye aliyepumzika. Neno hili tulishike, kwa maana ndilo litakalovunjika baadaye.

II. Jinsi Kivu ilivyogeuka nchi ya konje

Mzungu wa kwanza kufika ziwani, ambaye tuna habari zake, ni Mjerumani Adolf von Götzen, mwaka 1894. Alipanda pia mlima Nyiragongo. Baada yake Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza waligombania nchi hii mpaka walipopatana juu ya mipaka mwaka 1910. Idjwi ikawekwa upande wa Kongo ya Wabelgiji.

Kwa nini Kivu iliwapendeza hivi? Sababu ya kwanza ni hewa. Mzungu wa siku zile aliogopa sana homa za nchi za chini, na waganga walimshauri kwenda milimani. Huku usiku ni wa baridi, mbu ni wachache, na ziwani mamba hawamo, hata mtu aweza kuoga bila hofu. Sababu ya pili ni uzuri wa nchi: milima ya moto, visiwa, misitu ya mianzi, na nyama wa pori.

Juu ya hao nyama lazima tuseme neno la Parki Albert. Mwaka 1919 mfalme Albert wa kwanza wa Ubelgiji alizuru Marekani, akaona parki za huko. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alikuja kwenye mlima Mikeno kuua sokwe wakubwa wanaoitwa ngagi, kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya New York. Lakini alipowaona moyo wake ukabadilika, akaomba walindwe. Tarehe 21 Aprili 1925 parki ikaanzishwa kwa amri ya mfalme, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika yote. Akeley mwenyewe alirudi mwaka 1926, akafa akazikwa mlimani, mahali panapoitwa Kabara. Mwaka 1929 parki ilikuzwa sana, na watalii wakaanza kushuka katika bonde la Rwindi kutazama tembo, nyati na viboko.

Mwaka 1938 mlima Nyamulagira ulipasuka, na moto wake ukaendelea mpaka 1940. Mto wa mawe yaliyoyeyuka ulifika hata ziwani, karibu na Sake, na habari zake zikaenda mbali.

Sababu ya tatu watu wengi huisahau: ni vita. Desturi ya serikali ilikuwa kwamba Mzungu akimaliza miaka yake ya kazi, karibu mitatu, alirudi Ulaya miezi kadhaa kupumzika. Lakini tarehe 10 Mei 1940 Wajerumani waliingia Ubelgiji, na njia ya kwenda nyumbani ikafungwa. Wazungu wa Katanga, wa Stanleyville na wa Leopoldville waende wapi? Wengine walishuka Afrika Kusini, wengine walipanda Kivu. Vita ilipokwisha, desturi hiyo haikuisha. Katika miaka ya 1950 Ofisi ya Utalii ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi ilitoa kitabu kinene cha kuongoza wasafiri. Mwaka 1951 kilitokea hata kwa Kiingereza. Goma na Kisenyi zilikuwa na otele kando ya maji, na Costermansville, ndiyo Bukavu, ilijaa nyumba nzuri juu ya zile rasi zake tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono.

III. Kazi iliyobeba mapumziko hayo

Sasa tugeuze karatasi, tusome upande wa pili.

Kwanza, ardhi. Tangu tarehe 1 Julai 1885 sheria ya Leopold ilisema kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Lakini huku Bushi hakuna kilima kisicho na mwenyewe: mtu hupata shamba kwa mwami au kwa shefu wake kwa njia ya kalinzi, na hata malisho na mashamba yaliyopumzishwa yana mtu wake. Mzungu alipoona shamba halina mahindi, alisema halina mwenyewe. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, ikapewa uwezo juu ya ardhi kubwa sana ili iwagawie makoloni, yaani Wazungu wa mashamba. Sehemu nzuri za kando ya ziwa zikawa kahawa, kinini na bustani za nyumba za kupumzikia. Vivyo hivyo parki ilipokuzwa, vijiji vilihamishwa, na mtu aliyetega mtego pale babu yake alipotega akaitwa mwizi.

Tuseme kweli yote: misioni zetu nazo zilipata ardhi kwa mkono wa serikali hiyo. Mapatano ya mwaka 1906 kati ya Roma na Dola la Kongo yaliahidi kila misioni hektari 100 mpaka 200. Ardhi hiyo imezaa shule, hospitali na seminari, nasi tuliosoma humo tunashukuru. Lakini shukrani haikatazi kukumbuka.

Pili, kazi yenyewe. Barabara nzuri za kuzunguka milima, ambazo kitabu cha wasafiri kilizisifu, zililimwa kwa jembe na kikapu. Tangu mwaka 1917 mwanakijiji alilazimishwa kwa sheria kufanya kazi za mashamba zilizoamriwa na serikali, siku 60 kila mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikaongezwa mpaka 120. Msomaji apime mwenyewe: katika miaka ileile ambayo Mzungu, kwa kukosa njia ya Ulaya, alipata mapumziko yake Kivu, mwenyeji alidaiwa theluthi moja ya mwaka wake. Haishangazi basi kwamba mwaka 1944, katika nchi ya Masisi na Lubutu, watu waliinuka pamoja na Bushiri wa Kitawala. Mafundisho yake hatuyakubali, lakini uchovu wa watu wale ulikuwa wa kweli.

Tatu, mahali pa kukaa. Katika Costermansville Mzungu alikaa Ibanda, juu ya rasi, karibu na maji. Mwafrika alikaa Kadutu, juu ya kilima, na baadaye Bagira. Mambo mengine yalikuwa sheria, mengine desturi tu: usiku mtu mweusi hakutembea katika mtaa wa Wazungu bila kibali, na katika otele aliingia kwa mlango wa jikoni. Mtoto wa Kadutu aliamka kila asubuhi akaliona ziwa lote chini yake, akakua, akazeeka, pengine asiguse maji yake.

Mzee mmoja aliyezaliwa mbele ya vita ya 1940 alinisimulia kwamba alipokuwa kijana alikuwa mpiga kasia wa Bwana mmoja. Kila Jumamosi aliwapeleka watu wa Bwana katika kisiwa kidogo, akangoja juani mpaka jioni, akawarudisha. Nilimwuliza kama aliwahi kuoga pale. Alicheka, kisha akanyamaza. Akaniambia kwamba hakukatazwa na mtu, ila wazo hilo halikumjia hata siku moja. Mimi naona hapa ndipo kidonda kilipo. Kumwondolea mtu shamba lake ni ubaya mkubwa. Kumfanya asiweze tena kuwaza kwamba uzuri wa nchi yake ni wake pia, huo ni ubaya unaodumu zaidi.

IV. Baada ya uhuru

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Wengi walidhani kwamba sasa ziwa litafunguka kwa wote. Lakini Bukavu ilipigwa katika maasi ya mwaka 1964, na mwaka 1967 askari wa kukodiwa wa Jean Schramme waliishika kwa miezi, wakaiacha imebomoka. Amani iliporudi, utalii ulirudi pia. Mwaka 1969 sheria mpya ya parki ilitoka, na jina la Virunga likachukua mahali pa jina la Albert. Tarehe 30 Novemba 1970 ikaanzishwa Parki ya Kahuzi-Biega, kwa juhudi kubwa ya Mbelgiji Adrien Deschryver. Wageni walikuja tena kwa wingi kuwaona ngagi.

Lakini je, mambo yaligeuka? Rasi za Bukavu zilibadilisha wenyeji wake tu. Wakubwa wapya waliingia katika nyumba za wakubwa wa zamani. Mwaka 1973 biashara na mashamba ya wageni yaligawanywa, nayo yakaangukia mikononi mwa wachache. Tena mwaka 1975 Kahuzi-Biega ilikuzwa kutoka hektari 60,000 mpaka 600,000. Batwa, waliokaa katika msitu ule tangu zamani zisizojulikana, walitolewa humo bila kupewa ardhi ya kuwatosha. Mara hii hatuwezi kusema ni Bula Matari. Tulifanya wenyewe.

Hata hivyo ziwa lilitoa zawadi moja kwa maskini. Mwaka 1959 samaki wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika, wakawekwa Kivu, wakazaa sana. Ndio sambaza, ambao leo ni mboga ya nyumba nyingi. Wavuvi wanaotoka jioni na taa zao, wakiimba ili makasia yaende pamoja, wamekuwa sura ya ziwa letu.

Kisha zikaja siku za machozi. Mwezi wa Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walifika Goma, kipindupindu kikaua maelfu na maelfu, na misitu ya parki ikakatwa kuwa kuni. Tangu 1996 vita vimefuatana. Mlima Nyiragongo nao ulipasuka mwaka 1977, kisha tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya Goma mpaka ziwani, na tena tarehe 22 Mei 2021. Walinzi wa Parki ya Virunga zaidi ya 200 wameuawa katika kazi yao. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake waliuawa 12. Hawa ni watoto wa vijiji vyetu. Msomaji akisikia neno utalii, awaombee.

Na mwaka 2024 vita ilikata barabara ya Goma kwenda Minova, watu wakalazimika kupita ziwani. Tarehe 3 Oktoba boti iitwayo Merdi, iliyojaa watu kupita kiasi, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, karibu na Goma, watu wakiitazama kutoka nchi kavu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Goma, kisha Bukavu, ziliingia mikononi mwa M23. Maji yaleyale ambayo kitabu cha wasafiri kiliyasifu kwa utulivu wake yamekuwa njia ya mwisho ya mama anayetafuta soko.

V. Basi, tufundishe nini?

Je, baada ya hayo yote tuseme kwamba mapumziko ni kitu cha kutupa? Hapana. Historia inatuonyesha kinyume chake. Ubaya haukuwa kwamba watu walipumzika. Ubaya ulikuwa kwamba mapumziko yalitengwa na kazi, mmoja akachukua kupumzika na mwingine akabaki na kuchoka.

Tuangalie amri ya Mungu. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 5, sabato haikutolewa kwa bwana wa nyumba peke yake. Mtumwa, mjakazi, mgeni, hata punda na ng'ombe, wote wapumzike. Na sababu inatajwa: Israeli akumbuke kwamba alikuwa mtumwa Misri. Maana yake, anayepumzika bila kumkumbuka mtumwa hajashika sabato bado. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alidai mfanyakazi apewe mapumziko ya Jumapili, si kwa uvivu wala kwa kunywa pesa, bali kwa ajili ya Mungu na roho yake. Mtaguso wa Vatikano II, katika Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulisema kwamba watu wote wapate nafasi ya kutosha kwa maisha ya jamaa, ya akili na ya dini. Wote, si wenye mashua tu.

Na Injili ya Marko, sura ya 6, inatuwekea mfano ambao mtu wa ziwa anauelewa upesi. Mitume walirudi wamechoka, hata nafasi ya kula hawakuipata. Bwana akawaita mahali pa faragha wapumzike kidogo, wakaenda kwa mashua. Hakuwakemea kwa uchovu wao. Alijua kwamba mwili una mpaka. Lakini walipofika, walikuta makutano waliokuja mbio kwa miguu kando ya ziwa. Bwana hakuwafukuza ili kulinda konje yake. Aliwahurumia, akawafundisha, akawakalisha juu ya majani, akawalisha. Tazameni: mwisho wa habari, waliokuja kwa mashua na waliokuja kwa miguu wanakaa chini pamoja, katika majani mabichi, wanakula. Hayo ndiyo mapumziko ya Kikristo. Ufuko ni mmoja.

Basi niwaeleze ndugu zangu wanaseminari mambo matatu ya kufanya katika konje yao.

La kwanza: msione haya kupumzika. Ile matembezi ya kila juma tuliyofundishwa seminari, kutoka kwa miguu pamoja, kupanda kilima, kurudi na vumbi, si desturi ya Kizungu tu. Inaunganisha yale wazee waliyoyajua, kwamba mapumziko ni ya watu pamoja. Padri asiyejua kupumzika atachoka mapema, kisha atatafuta mapumziko mabaya katika chupa.

La pili: mwendapo ziwani msiende peke yenu. Parokia inaweza kuwachukua watoto wa katekisimu siku moja ya kiangazi, kushuka pamoja mpaka majini, na chakula cha kila mmoja kikawekwa pamoja. Haitaki falanga nyingi. Lakini iwe kwa akili: pale ambapo vita havijatulia watoto wasipelekwe, mashua isijazwe kupita kiasi, na upande wa Goma, waulizeni wenyeji mahali penye mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini na kulala katika mabonde madogo, inayoua mtu na mbuzi bila harufu. Mtoto huanguka wa kwanza, kwa sababu kichwa chake ki karibu na ardhi.

La tatu: ulizeni juu ya wafanyakazi. Ukikaa katika nyumba ya mapumziko, hata ikiwa ni ya Kanisa, jua kama mpishi anapata Jumapili yake, kama mlinzi wa usiku ana siku ya kulala, kama mpiga kasia analipwa kadiri ya haki. Na tunapohubiri kulinda misitu na ngagi, jambo lililo jema kweli, tuhubiri pia juu ya Batwa, waliolipa gharama ya uzuri tunaousifu.

Yule mzee niliyemtaja alikubali mwaka mmoja kushuka pamoja na watoto wa parokia. Alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akasimama muda mrefu bila kusema neno. Watoto walicheza kumzunguka wakimrushia maji, wala hawakujua kwamba wanaona jambo kubwa. Nami sikuwaambia. Heri wakue wakidhani kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote: kwamba ziwa ni la Mungu, na aliyechoka ana nafasi yake kando yake.